Kamera yako inahangaika gizani? Nunua hiki kwanza

Ukipiga harusi Mtwara mjini, saa yenyewe unaijua. MC anawaita maharusi wakate keki, wa muziki anazima taa kubwa na kubakiza zile za zambarau. Unabonyeza nusu, lenzi inakwenda mbele, inarudi, inakwenda tena. Ikija kunasa, imenasa pazia la kumetameta, bibi harusi ukungu mtupu. Wengi hapo huwaza kuuza kamera. Subiri kwanza.

Nimepanga kwa kuangalia mfuko wa mtu mwenye DSLR (kamera yenye kioo ndani) ya mtumba, maana wengi wetu tuko hapo.

1. Fleshi yenye taa nyekundu ya kulengea. Kamera hulenga kwa kutafuta mahali rangi nyepesi inapopakana na nzito. Taa hii humwaga mistari usoni, nayo ikapata cha kushika. Dukani igeuze fleshi uhesabu pini za mguuni. Ikiwa moja tu katikati, mrudishie mwenyewe: hiyo inawaka tu, haizungumzi na kamera. Kwenye Canon unaweza hata kuzima mwako ukabakiza mwanga mwekundu. Ila taa hufanya kazi ukiwa kwenye One Shot, yaani kulenga mara moja kitu kilichotulia (AF-S kwa Nikon). Wacheza sindimba hawasimami, na ukienda Servo, ile ya kufuata kinachotembea, haiwaki. Na kamera nyingi zisizo na kioo ndani (mirrorless) hazinufaiki na mistari hiyo.

2. Lenzi ya 50mm f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa). Kwa mwenye kamera isiyo na kioo, hii ndiyo namba moja: inaingiza mwanga karibu mara kumi ya lenzi ya kawaida ya 18-55 iliyovutwa hadi f/5.6. Kwenye DSLR msaada wa kulenga ni mdogo kuliko tunavyoambiwa, ila picha yenyewe itang'aa. Wenye Nikon D3500 na ndugu zake, tafuteni lenzi yenye herufi AF-S (hapa maana yake lenzi ina mota, si ule mtindo wa kulenga). Ile ya zamani ya AF-D haitalenga yenyewe kwa sababu bodi haina mota. Na huku pwani, mulika lenzi ya mtumba kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui ndani, ni fangasi. Hata akushushie nusu bei, iache.

3. Bodi ya Canon 6D ya mtumba. Ni ya 2012, ina vituo 11 tu vya kulengea, lakini cha katikati kinalenga hadi EV -3 (EV ni kipimo cha mwanga; ikishuka, ndivyo giza linavyozidi). Tumia hicho hicho, ukielekeze pale shela jeupe linapogusa shavu.

4. Canon R6. EV -6.5 wanayoitangaza imepimwa kwa lenzi ya f/1.2, ambayo bei yake itakutoa jasho. Ni kamera nzuri sana, sibishi. Lakini kama korosho za mwaka huu bado hazijalipwa, anza na fleshi.