Formule 7, HEIS na The God Son: mabanga yamekaa mahali pa gitaa

Ndugu watazamaji, karibuni tena katika chaneli yetu, kutoka hapa Lubumbashi. Leo nina uchungu, na ninaomba mnivumilie, kwa sababu uchungu huu umetoka katika mapenzi. Nimekuwa nikiisikiliza Formule 7 ya Fally Ipupa tangu ilipotoka Desemba 2022, na siku hizi ninaisikiliza pamoja na albamu mbili za mwaka 2024, yaani HEIS ya Rema wa Nigeria na The God Son ya Marioo wa Tanzania. Kadiri ninavyoirudia ile ya ndugu yetu wa Kinshasa, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ndani yake imo albamu inayozishinda zote, ila imefunikwa, na leo ninataka kuwaonyesha kilichoifunika.

Sitaeleza Fally ni nani. Kwamba alipitia Quartier Latin, orkestra ya Koffi Olomide, kwamba albamu yake Droit Chemin ilitoka mwaka 2006, kwamba hii ni albamu yake ya saba, hayo kila kijana wa mitaa yetu ya Kamalondo na Katuba anayajua. Kuhusu sauti yake pia sina mengi ya kusema: bado ni laini, bado inashuka chini bila kupoteza utamu, na katika zile rumba za polepole hakuna anayenifanya nisimamishe kazi ya mikono kama yeye. Mimi si mwanamuziki wala mwandishi wa habari. Ni msikilizaji wa kawaida, ninayenunua mega zangu za intaneti kama ninyi, kwa hiyo nitasema kile ambacho sikio langu limekipokea.

Jambo lenyewe ni mabanga, yaani majina ya watu wanaolipa ili watajwe ndani ya wimbo. Wengi wameyalalamikia kwa jumla, na malalamiko ya jumla hayamsaidii mtu. Mimi ninataka tuguse mahali penyewe panapouma. Wenye spika pandisheni sauti, na wenye visikilizio vivaeni vyote viwili. Nitapiga sekunde chache tu za rumba moja ya polepole kutoka katika albamu hii, kwa sababu nikizidisha, video yetu itafungwa kwa ajili ya haki za mtunzi, na baada ya hapo nitaendelea kwa kugonga meza kwa kidole.

Haya, sikilizeni. Mwimbaji anaupandisha mstari, anaushusha, anatua. Mmesikia alipotua? Baada ya hapo pana nafasi ndogo kabla hajavuta pumzi ya mstari unaofuata. Ninagonga: moja, mbili, tatu, na sauti inarudi. Nafasi hiyo katika rumba yetu haikuachwa hivi hivi, ina mwenyewe, na mwenyewe ni gitaa la solo. Mwimbaji akilalamika kwamba ameachwa, solo inamjibu kwa noti nne au tano za juu. Akiuliza swali, solo inalirudia swali kwa namna yake. Na wakati huo wote mi-solo, yaani gitaa la kati, inazunguka bila kuchoka, gitaa la akompanyema linashikilia mwendo, na besi inatembea chini. Mtu anaimba, gitaa linamjibu, na kwangu mimi mazungumzo hayo ndiyo rumba.

Sasa ninarudisha sekunde zilezile, na safari hii msimfuate mwimbaji. Fuateni kile kinachoingia pale anapotua. Ni jina la mtu. Mstari wa pili anatua tena, na linaingia jina jingine, pamoja na jina la mji wa Ulaya anakokaa huyo mtu. Mstari wa tatu, mambo ni yaleyale. Gitaa halijaondoka, lipo, na ukivaa visikilizio unaweza kulisikia likijaribu kujibu kwa chini, lakini fundi wa studio amelipunguza ili jina lisikike wazi, kwa sababu aliyetoa fedha anataka akisikilize alicholipia. Mimi ambaye huyo mtu simjui, na wala yeye hanijui, nimenyimwa jibu la gitaa ili nipewe jina lake. Wimbo ulikuwa unanisimulia huzuni ya mtu aliyeachwa, na katikati ya huzuni ile nimetambulishwa kwa mfanyabiashara.

Katika sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, hasara ni ya namna nyingine. Orkestra ya Zaiko Langa Langa walipowaingiza atalaku, yaani wapiga kelele za kuwachangamsha wachezaji, katika muziki mwanzoni mwa miaka ya 1980, kelele za atalaku zilikuwa na kazi: zilimwambia anayecheza kwamba hatua inabadilika sasa hivi, kiuno kifanye hivi, miguu ifuate. Gitaa lilibadilika, atalaku akaita, na watu wote uwanjani wakageuka kwa pamoja. Leo angalieni harusi yoyote hapa kwetu: sebene inaanza, watu wanapanga mstari, gitaa linabadilika, na mahali pa mwito wa hatua panaingia orodha ya majina. Mnaona mstari unavyolegea. Wanaoijua hatua kutoka kwenye video wanaifanya, na wengine wanabaki wakipiga makofi wakisubiri.

Ninajua sababu yake, na sitaki mtu aseme kwamba ninamwonea mwanamuziki. Kaseti zilinakiliwa, CD zikanakiliwa, na leo nyimbo zinahamishwa kutoka simu hadi simu bila mtunzi kupata kitu. Orkestra ina wapiga magitaa, waimbaji na wachezaji wanaohitaji kula, na studio haipigi bure. Mwenye fedha akija na kusema nitaje, ni vigumu kumkatalia. Hilo ninalikubali kabisa. Ninachouliza ni mahali linapowekwa jina, maana tatizo langu liko hapo.

Kumtaja mwenye fedha katika wimbo halikuanza na kizazi hiki. Mwaka 1973, Franco na OK Jazz walitoa Azda, wimbo mzima wa kuisifu kampuni iliyokuwa ikiuza magari ya Volkswagen nchini. Ni tangazo la biashara tangu mwanzo hadi mwisho, na hata hivyo mpaka leo ukipigwa katika baa, wazee wanainuka kwenye viti. Usikilizeni kwa makini. Herufi za ile kampuni ya magari zimefanywa kiitikio, zinaimbwa kwa sauti kadhaa, zina mdundo wao, nawe unajikuta unaitikia. Na kiitikio kikimaliza, magitaa yanaachiwa njia yote. Franco alilipa deni lake kwa mfadhili ndani ya uimbaji, hakulilipa kwa nafasi ya gitaa. Fally ana kipaji cha kutosha kufanya hivyo. Kama watu watano wamelipa, watungieni kiitikio chao, kiwe kitamu, kiimbwe, halafu mtuachie rumba yetu.

Sisi wa Katanga tuna haki ya pekee kulisemea gitaa. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda mwaka 1952, pale Jadotville ambayo leo ni Likasi, palikuwa na mtu mmoja na gitaa moja la mbao. Dole gumba lilishika besi, kidole cha shahada kilichukua sauti ya juu, na kutoka katika vidole hivyo viwili ulitoka muziki ambao wapiga gitaa wa nchi za mbali wanajifunza hadi leo. Sidai kwamba Fally aimbe kama Bosco. Nyakati zimebadilika, nami nazipenda ngoma nzito za kompyuta zikitumika mahali pake. Ninasema kwamba sikio lililolelewa mji huu linamsubiri mpiga gitaa amalize usemi wake, na akikatizwa, linajua.

Tuje kwenye bei. Formule 7 ina nyimbo kama 30. Ukiziwekea dakika nne kila moja, ni saa mbili za kusikiliza. Sauti ya ubora wa kawaida, kilobiti 128 kwa sekunde, hula karibu megabaiti moja kwa dakika, kwa hiyo albamu nzima itakula mega 120 hivi, na ukiamua kutazama video badala ya kusikiliza tu, hesabu hiyo inaongezeka mara nyingi. Kwa mwanafunzi anayenunua mega za siku, huo ni uamuzi mzito, nao hauzingatii siku ambazo umeme umekatika na simu ina betri ya robo. Wengi wetu, kwa hiyo, tunawaendea vijana wanaojaza nyimbo kwenye kadi au kwenye flashi, na kule unapewa nyimbo walizochagua wao, kwa mpangilio wao, mara nyingi zile za kuchezea harusi tu. Zile rumba za polepole zilizo katikati, ambazo kwangu ndizo moyo wa albamu, watu wengi hawajawahi kuzisikia. Nyimbo kama 30 ni nyingi mno. Kumi na tano zingetosha, na albamu hii ingezungumzwa kwa heshima kubwa zaidi.

Hapo ndipo Rema anaponifurahisha. HEIS ina nyimbo 11 na haifiki nusu saa. Unaianza ukitoka Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, kwa miguu, na unafika mjini kati ikiwa imekwisha. Ninakiri kwamba inapiga kelele: ngoma zinakimbia, sauti zinapandana, na kuna nyimbo mbili tatu ambazo bado zinanichosha kichwa nikizisikiliza asubuhi. Lakini jioni, kwenye spika nzuri, zile zile zinanivuta, na safari hii ya kuizoea haijaisha kwangu. Albamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy katika kundi la muziki wa dunia, na ninaelewa kwa nini, maana ina msimamo mmoja kuanzia wimbo wa kwanza. Hakuna mahali ambapo unaambiwa habari za mtu mwingine. Gitaa, hata hivyo, msilitafute humo. Mtu mwenye kiu ya gitaa atatoka na kiu yake.

The God Son ya Marioo imeingia nyumbani kwetu kwa mlango mwingine. Lingala ya Kinshasa hapa Lubumbashi tunaiimba sote, lakini mkubwa kwa mdogo, si wote tunaoielewa kila neno. Marioo anaimba Kiswahili, na ingawa Kiswahili chake ni cha Dar es Salaam nacho chetu kina mwendo wake, mama yangu anafuata kisa kutoka mwanzo hadi mwisho na anatoa maoni kuhusu tabia ya huyo msichana anayeimbwa. Hilo ni jambo kubwa. Ukilinganisha na The Kid You Know, albamu yake ya 2022, huyu ni mtu aliyekua: anaimba akiwa ametulia, hakimbilii kila mara kwenye amapiano, na pale anapoitumia, ile besi nzito ya Afrika Kusini inabeba wimbo badala ya kuuzamisha. Kinachonipungukia ni kwamba nyimbo za mapenzi zinafanana; ukisikiliza nne mfululizo, ya tano unaijua kabla haijaanza. Hata hivyo, ndiyo albamu ninayompa mtu bila kumwekea masharti.

Kwa wale ambao wataniuliza nichukue ipi kwanza kama fedha ni ya moja tu, jibu langu ni la wazi. Mwenye mega chache na kiu ya kuchangamka achukue HEIS. Nyumba yenye wazee na watoto pamoja ichukue The God Son. Mpenzi wa rumba asiikose Formule 7, lakini asiichukue yote: azichague zile za polepole, azipakue usiku wakati mtandao umepumzika, na azisikilize kwa visikilizio viwili, kwa sababu spika ndogo ya simu inaimeza besi na mi-solo, na utabaki na sauti ya mwimbaji na majina ya watu. Ukivaa visikilizio, lile gitaa lililopunguzwa utalisikia bado linajibu, na utaelewa kwa nini nimechukua muda wote huu kulitetea.

Habari za chaneli ni fupi. Kipaza sauti kimebadilishwa, kwa hiyo ile mikwaruzo mliyoilalamikia imekwisha. Kipindi kijacho ni cha Dynastie ya Ferre Gola, nayo ni ya 2022, na nitapima jambo hilihili: mwimbaji anapotua, nani anapewa nafasi. Ninawaomba Warriors, mashabiki wa Fally, na Gaulois, mashabiki wa Ferre, mje wote, na mheshimiane, maana hatupimani sauti za hao mabwana wawili, tunapima nafasi ya gitaa. Kabla ya hapo, nitumieni rumba moja mnayoipenda, ya zamani au ya sasa, mkiniandikia dakika na sekunde ambapo solo inamjibu mwimbaji bila kukatizwa na mtu, nami nitazisikiliza zote kabla ya kurekodi.