Kuchora nyuso za watoto kwenye sherehe: tathmini ya huduma niliyoitumia Mtwara

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya dada mmoja wa Mtwara Mjini ambaye hualikwa kwenye sherehe za watoto na kuwachora usoni vipepeo, paka, maua na simba. Nilimwita kwenye siku ya kuzaliwa ya binti yangu, tuliyoifanyia uani kwetu Shangani, baada ya kuiona kazi yake kwenye mahafali ya shule ya awali. Hutoza shilingi 3,000 kwa kila mtoto au bei ya jumla kwa saa, na hiyo ya pili ndiyo nafuu, kwa sababu watoto wa majirani hawasubiri kadi ya mwaliko.

Kilichonifanya nimwamini ni rangi zake, zaidi hata ya michoro. Anatumia rangi maalumu za uso, zile ngumu zinazolainishwa kwa maji, na kila kikopo kina orodha ya viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi. Nilipomwomba anionyeshe hakuona vibaya. Nalisisitiza hili kwa kuwa nimeshuhudia kwingine watoto wakipakwa rangi ya akriliki ya kuchorea picha, eti kwa sababu kwenye kopo imeandikwa kuwa haina sumu. Maneno hayo hayamaanishi kwamba rangi hiyo imetengenezwa kwa ajili ya ngozi, na akriliki ikikauka usoni hukakamaa, huivuta ngozi na kutoka kwa kubanduliwa. Piko ni mbaya zaidi. Ile piko nyeusi inayoongezwa kwenye hina za maharusi huwa na PPD, kemikali ya rangi za nywele, ambayo inaweza kumtoa mtoto malengelenge na kumwachia mzio wa maisha. Mama mmoja alimwomba amchoree mwanawe masharubu ya paka kwa piko ili yadumu hadi Jumatatu; mchoraji alikataa kwa upole, na hakurudi nyuma. Vipodozi viko chini ya usimamizi wa TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, kwa hiyo mzazi anayeomba kusoma lebo asionekane msumbufu.

Michoro yake ni michache na mepesi, na kwangu hiyo ni sifa. Kwa kipepeo, kwa mfano, hulowesha sifongo kidogo tu, akagonga rangi kuanzia juu ya nyusi hadi shavuni pande zote mbili, kisha akachukua brashi nyembamba na kuvuta mistari myeusi yenye umbo la tone la maji kutoka puani kwenda nje, akamalizia kwa nukta nyeupe. Muda wote huo mkono wa kushoto umeshika kidevu cha mtoto, naye anamwambia, “Mwanangu, tazama juu kule kwenye mnazi, uniambie una madafu mangapi.” Dakika tano hazipiti. Jambo jingine analolijua vizuri ni ngozi zetu. Picha nyingi za kuigia zinaonyesha watoto weupe, na anayezifuata rangi kwa rangi hushangaa kuona zambarau iliyokolea na kahawia zimezama kabisa kwenye shavu jeusi. Yeye hutanguliza tabaka jembamba la nyeupe chini ya njano na waridi, na sehemu kubwa ya mchoro huiachia machungwa, feruzi na dhahabu, ambazo zinaonekana hata kwa mbali.

Kwa usafi nampa alama za juu, ingawa si zote. Kila mtoto ana sifongo chake, kikishatumika kinatupwa kwenye ndoo ya maji ya sabuni wala hakirudi usoni pa mwingine. Mtoto aliyekuja na macho mekundu alichorwa ua mkononi badala ya usoni, uamuzi ambao kila aliyekumbuka mlipuko wa ugonjwa wa macho mekundu wa mwanzoni mwa 2024 aliuelewa bila maelezo. Wenye umri chini ya miaka mitatu nao huwachora mkononi. Hata hivyo, brashi zilikuwa za wote, zikisuuzwa tu katika maji ambayo hayakubadilishwa mara kwa mara kama nilivyotaka, na glita, ingawa ni ile laini ya vipodozi, aliinyunyiza karibu mno na kope.

Udhaifu mkubwa ulikuwa simba. Joto la Mtwara la Novemba, kabla mvua hazijaanza, halipatani na uso uliopakwa rangi wote, na mchoraji alilijua hilo, lakini alikubali kwa sababu mtoto alilia na baba yake akaongeza hela. Mama mkwe wangu, Mmakonde wa Newala, alimtazama simba huyo kwa muda, kisha akauliza kama kinyago hiki nacho kina ngoma yake. Kabla keki haijakatwa jasho lilikuwa limeyashusha manyoya hadi kwenye kola ya shati, ilhali vipepeo wa shavuni walikuwa bado wazima. Ni afadhali aiondoe kabisa michoro ya uso mzima kwenye orodha yake wakati wa joto. Foleni nayo ilikuwa vurugu, kwani hana msaidizi wala hagawi namba, na wadogo walipitwa na wakubwa.

Rangi zilitoka kwa maji na sabuni laini, isipokuwa kijani, ambayo iliacha kivuli hadi tulipoisugua taratibu kwa mafuta ya nazi na pamba.

Anayetaka kumwita ajue kwamba hudai nusu ya malipo kwa simu, meza iliyo kivulini na ndoo mbili za maji safi. Novemba na mwanzoni mwa Desemba, mahafali ya awali yakigongana na fedha za korosho, Jumamosi zake hujaa mapema. Mwenye mtoto anayewashwa ngozi kwa urahisi aombe apakwe rangi kidogo ndani ya mkono siku moja kabla; mchoraji hupita nyumbani kwa kazi hiyo bila kuongeza bei, almradi ni ndani ya manispaa.