Fender Rumble 40: Besi Inavuma, Noti Ziko Wapi?

Haya jamani, karibuni. Leo niko Langoni, hapa Lamu, na hii mbele yenu ni Fender Rumble 40, amplifaya ndogo ya gitaa la besi. Wati 40, spika moja ya inchi 10, uzito kama kilo 8. Naishika kwa mkono mmoja, nashuka nayo gatini, napanda boti kwenda Shela. Punda wala hamali sina haja naye.

Swali mnaloniuliza sana ni hili: mbona inavuma tu? Sikilizeni. Hapo nimeiweka sakafuni, kwenye pembe ya chumba, vinobu vyote katikati. Mvumo upo, lakini noti ipi nimepiga? Mwenye udi na mwenye kinanda wakianza, hii imezama.

Sasa tazameni, sigusi kinobu hata kimoja. Naitoa pembeni, naipandisha juu ya kiti, naielekeza usoni kwangu. Mmesikia? Sauti za juu huenda moja kwa moja kama tochi. Spika ikiwa chini, zinaishia magotini. Za chini nazo husambaa, zikipata pembe ya kuta mbili zinajazana. Na nyumba zetu hizi za mawe mnazijua: kuta nene, chumba kirefu chembamba, upana umefuata urefu wa boriti za mikoko. Besi ikiingia humu haitaki kutoka.

Pili, nyuzi. Hapa nitasema sana, maana ndipo wengi mnapotupa pesa. Hewa ya chumvi inaua nyuzi. Jasho na uchafu vikiingia kwenye mizunguko ya uzi, ule mlio wa chuma unafifia, na hakuna amplifaya ya kuurudisha. Pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Ukinunua mpya, chukua zilizozungushiwa waya wa duara (roundwound), za chuma kisichoshika kutu. Zinang'ara kuliko za nikeli, ingawa zinakwaruza vidole. Zile laini za waya bapa (flatwound) ni tamu kwa taarab ya kizamani, ila ukizifunga usinilalamikie kwamba sauti ni nzito. Kuna wanaochemsha nyuzi kuukuu kwenye sufuria, na kweli zinafufuka kidogo, si kwa muda mrefu. Muombe ruhusa mwenye sufuria.

Angalieni pia kinobu cha toni kwenye gitaa lenyewe, kifungueni chote. Na kama gitaa halitumii betri, msitumie waya mrefu bila sababu, unakula sauti za juu.

Sasa ndiyo tuje kwenye vinobu. Msikimbilie trebo, kinobu cha sauti za juu! Rumble 40 haina twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Ukiisukuma trebo mpaka mwisho, unachoongeza zaidi ni mchakacho na mkwaruzo wa vidole. Noti kusikika wazi kunategemea sauti za kati, tuseme kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 700 mpaka kama 3,000, na hizo ziko kwenye kinobu cha kati ya juu. Mimi narudisha besi nyuma kidogo, nasukuma hicho mbele, trebo naiacha karibu na katikati. Uzi mnene wa E uko kwenye hezi 41. Ukiulazimisha kwa spika ndogo, unamaliza nguvu zote huko chini.

Vitufe: Bright, bonyezeni. Vintage, acheni, hicho ni cha sauti ya joto. Contour ndicho kinachodanganya watu. Kinakata sauti za kati, kwa hiyo ukiwa peke yako chumbani unasema mashaallah, ukiingia bendini umepotea.

Ununue? Kwa mazoezi, au harusi ya uani, ndiyo, naipenda. Kwa uwanja wa wazi na ngoma kubwa, wati 40 hazitoshi. Lakini nyuma kuna tundu la XLR, la kutolea sauti: ipeleke kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, spika kubwa zina twita, huko ndiko trebo itafanya kazi. Na kama mtu anakuletea kutoka Marekani, soma maandishi ya nyuma kabla hujachomeka. Ikiwa ni ya volti 120, umeme wetu wa 240 utaiunguza siku hiyohiyo.