Kifaa cha mguuni kwa mtoto: vipimo vizuri, kifuniko cha betri ni hatari

Nianze na kifuniko cha betri. Mengine yatapata nafasi yakiipata.

Mwanangu yuko kwenye umri ule wa kujishika miguu na kuipeleka mdomoni. Kifaa chenyewe ni mkanda unaofungwa kwenye kifundo cha mguu, unamulika ngozi kwa mwanga na kusoma mapigo ya moyo na oksijeni ya damu. Asubuhi moja hivi karibuni nilipomfungua nepi nikakuta kifuniko kiko kwenye shuka, na ile betri bapa ya duara imechomoza nusu, imelowa mate. Nilijaribu kukirudisha, kikaingia vizuri. Nikakisukuma kwa ukucha, kikatoka tena. Kwa ukucha! Hakuna skrubu, hakuna chochote.

Kwa asiyejua: betri hiyo ni CR2032, ina upana wa milimita 20 na volti 3. Ikikwama kwenye umio wa mtoto, umajimaji wa mle ndani unaunganisha pande zake mbili, umeme unapita, na upande wa hasi inazalishwa alkali kali inayounguza nyama. Ndani ya saa mbili madhara yanaweza kuwa makubwa. Hata iliyoisha, isiyoweza tena kuwasha kifaa, huwa imebakiwa na umeme wa kutosha kuunguza. Na mtoto anaweza asilie sana. Anatoa udenda, anakohoa, anakataa kunyonya, nawe unadhani ni mafua. Ukishuku tu, usimtapishe, mkimbize hospitali apigwe eksirei.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Dada aliyepokea hakuningoja nimalize. "Mama, hiyo si ya kuchezea. Mtoto anatakiwa awe chini ya uangalizi." Uangalizi upi? Kifaa hiki kinauzwa ili mtoto akivae usiku kucha, mzazi akiwa amelala! Nikamwambia hivyo, akanijibu wateja wengine hawajalalamika, na kama nina wasiwasi nibandike tepu. Tepu, mguuni mwa mtoto anayeng'ata kila kitu. Nikaomba kuzungumza na mkubwa wake, simu ikakatwa.

Nilipokaa kuandika nilikusudia kutoa nyota tatu, maana haki ni haki: kliniki tulilinganisha na kipimo chao na namba zilikaribiana, na mkanda ni laini, ukiacha wekundu kidogo akitoka jasho. Lakini kadiri ninavyomkumbuka yule dada, ndivyo nyota zinavyopungua. Marekani walitunga sheria mwaka 2022, Reese's Law, kwa ajili ya betri za aina hii. Kwa kanuni zake, sehemu ya betri ifunguke kwa kifaa kama bisibisi, au kwa vitendo viwili tofauti vya mikono kwa wakati mmoja, na skrubu isidondoke hata ikilegezwa. Si teknolojia ya ajabu. Au wangeweka betri ya kuchaji iliyozibwa kabisa ndani, ichajiwe ikiwa imevuliwa, ili joto la chaji lisimfikie mtoto. Aliyechora kifaa hiki alifikiria rangi tatu za mkanda, ila hakufikiria meno na kucha.

Na kuna jambo linalonichoma zaidi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kwenye mwongozo wake wa 2022, kinasema vifaa vya nyumbani vya kufuatilia pumzi na moyo visitumiwe kama njia ya kupunguza vifo vya ghafla usingizini. Mtoto alazwe chali, kwenye godoro gumu lisiloinama, bila mito. Kwa hiyo kinachobaki ni kumtuliza mzazi. Sasa kitu cha kumtuliza mzazi ndicho kimletee mtoto hatari ambayo hakuwa nayo?

Nyota moja. Hapana, hata hiyo moja siitoi mpaka wanirudishie hela yangu.

Kama unacho, kivue mguuni sasa hivi, kigeuze, sukuma kifuniko kwa ukucha. Kikitoka, usimvalishe tena, na betri iweke mahali ambapo hakuna mtoto anayefika.