X-Wing ya Bandai, skeli ya 1/72: kuunga ni mchana mmoja, uchafu ni wiki mbili

Habari zenu wadau wa modeli. Na wewe uliyeingia hapa kwa kukosea ukitafuta rangi ya gari, karibu pia, kaa kidogo, maana leo rangi ya gari nitaitaja.

Ngoja nisogee dirishani. Taa ya humu ndani inadanganya, kila kitu inakipaka unjano. Haya, sasa mnakiona. Hiki ni X-Wing, chombo cha kivita chenye mbawa nne kutoka filamu ya Star Wars ya mwaka 1977. Mtengenezaji ni Bandai wa Japani, kifurushi kilitoka mwaka 2014, skeli ya 1/72. Yaani kila kitu kimegawanywa kwa 72. Kwenye hadithi chombo kina urefu wa mita 12 na nusu, hapa kiganjani ni sentimita 17 na ushee. Kalamu ya wino ikilala pembeni yake, kinaizidi kidogo tu.

Kina mizinga minne, mmoja kwenye ncha ya kila ubawa. Mmoja kati ya hiyo haukutoka Japani. Itazameni vizuri, mwishoni nitawaambia ni upi.

Tuanze na boksi. Ndani kuna fremu za plastiki, vipande vimeshikiliwa na vijiti vyembamba, unakata, unabana, kinaingia ta! Hakuna gundi. Plastiki yenyewe imeshatiwa rangi kiwandani, kwa hiyo hata mtoto wa darasa la sita akikiunga bila kupaka chochote, kitaonekana X-Wing. Hawa watu wamekuwa wakiuza modeli za roboti za Gundam tangu mwaka 1980, na kiwanda chao kiko Shizuoka, mkoa ambao watengenezaji wengine wa modeli, Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi, nao ndiko kwao. Ukiona kipande kimekaa kwenye kipande kingine hadi huoni mshono, ujue ni mazoea ya miaka mingi hayo.

Nilianza Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Adhana ya magharibi ikanikuta nimemaliza, mbawa zinafunguka na kufunga, rubani amekaa, roboti yuko nyuma yake.

Neno moja kuhusu kukata. Usitumie koleo ya fundi umeme. Ile ina meno mazito, inaminya plastiki kabla ya kuikata, na pale ilipominya panabaki doa jeupe ambalo hata rangi nyepesi hailifichi. Tafuta koleo ndogo yenye makali bapa upande mmoja, hata zile za mafundi simu zinafaa. Kata mbali na kipande kwanza, rudia karibu, kisha malizia na msasa laini wa maji. Nimemaliza hilo.

Sasa tuseme ukweli. Kama kuunga ni mchana mmoja, unalipia nini? Unalipia kile kitakachofuata, nacho hakimo ndani ya boksi. Naomba mnielewe hapa, kwa sababu ndipo wengi wanapoangukia. Wanaunga, wanabandika stika, wanaweka kabatini, halafu wananiandikia: mbona changu kinaonekana kama cha kuchezea? Kinaonekana hivyo kwa sababu ni kisafi.

Waliotengeneza zile modeli za filamu walikuwa vijana kwenye ghala moja huko Van Nuys, mtaa mmoja wa Los Angeles, katika karakana iliyoitwa Industrial Light & Magic. Umbo la kwanza la X-Wing lilitoka kwa Colin Cantwell, ambaye alisema wazo alilipata kwenye vile vishale vinavyorushwa ubaoni kwenye baa za Uingereza. Kitazame kwa pembeni: pua ndefu, mbawa nyuma. Kishale kabisa. Baada ya hapo karakana ikanunua modeli za dukani kwa mamia, vifaru, ndege za vita, magari, ikazivunjavunja na kuvibandika vile vipande vidogo juu ya vyombo vyao ili vionekane vina mitambo. Kisha wakavichafua. Moshi, mafuta, rangi iliyobanduka, mabamba ambayo hayafanani rangi na jirani zake. Mtazamaji akaamini kwamba kitu hiki kimefanya kazi jana na kesho kinaenda tena.

Modeli mojawapo ya X-Wing iliyotumika kwenye filamu ile ilikutwa kati ya vitu vya marehemu Greg Jein, fundi mkubwa wa modeli wa Hollywood, na mwaka 2023 ikauzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 3. Plastiki na gundi hiyo. Na uchafu wake!

Turudi Dar. Rangi za modeli tunazoziona kwenye video za wenzetu kwetu ni mtihani. Makopo ya kupuliza na thina vinahesabiwa mizigo hatari kwenye ndege, kwa hiyo kifurushi kinafika, rangi zinabaki huko. Mimi nilishaagiza nikaletewa boksi limefunguliwa, rangi hazimo, na hakuna aliyekuwa na maelezo. Tangu hapo nanunua kwa wachanganya rangi za magari. Unaenda na kipande cha fremu mkononi, unamwambia: nitengenezee kijivu hiki, kidogo tu, isiyong'aa. Atakushangaa. Atauliza gari gani. Mwambie ni gari dogo.

Ila msikilize kwa makini: thina ya NC, ile kali ya rangi za magari, inayeyusha plastiki hii. Ukiipuliza nzito, mistari myembamba ya mabamba inazama kama sukari kwenye chai. Piga undakoti, yaani rangi ya kwanza ya chini, kwa mbali, vumbi la rangi tu, acha likauke, rudia. Mara nne nyepesi ni bora kuliko moja ya kulowesha. Na usipulize siku ya mvua. Msimu wa masika rangi za namna hii zinakamata unyevu zikiwa zinakauka, zinatoka na ukungu mweupe kama kioo cha bafuni. Mimi napuliza kipupwe, au basi mchana wa jua kali, kizuizi cha mdomo kimefungwa na madirisha yako wazi. Mke wangu aliposema harufu imefika kwenye wali, nikahamia uani.

Rangi ya mwili sasa. Usiweke nyeupe. Narudia, usiweke nyeupe. Kitu kidogo kikipakwa rangi ileile ya kitu kikubwa kinapiga kelele, lakini nyeupe tupu ni mbaya zaidi kwa sababu haikuachii nafasi ya kuangaza chochote juu yake. Mimi nimetumia kijivu chepesi chenye joto kidogo, kama maziwa yaliyotiwa tone la chai. Kabla yake nilipitisha kijivu cheusi kwenye mistari yote, halafu hii nyepesi nikaipuliza katikati ya kila bamba bila kufika ukingoni. Oneni hapa, ubawa wa juu kushoto. Hakuna mstari uliochorwa pale, ni rangi ya chini tu inachungulia.

Alama nyekundu. Boksi linakupa njia mbili: stika za kawaida na stika za maji. Za kawaida msizitumie. Piga hesabu: stika yenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita, ukiizidisha mara 72, unapata bamba la milimita 7 limebandikwa juu ya chombo. Nani anapaka rangi yenye unene wa milimita 7? Za maji ni nyembamba mno. Zilowekeni, zitelezesheni, na mkikosa dawa ya kuzilainisha, siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji inasaidia kuzilaza kwenye mikunjo. Kwa brashi laini, si kidole. Mimi alama kubwa za mbawani nilizipaka kwa mkono, nikizibia kwa tepu, stika nikaziacha kwa zile ndogondogo.

Halafu hiki kisa nakipenda. Kikosi cha hizi X-Wing kwenye filamu mwanzoni kilipangwa kiwe cha buluu. Lakini vyombo vilipigwa picha mbele ya pazia la buluu, na mtambo ulifuta kila kilichokuwa buluu ili waweke nyota. Chombo chenye alama za buluu kingetoka na matundu. Ikabidi kiwe chekundu. Na yule roboti mdogo wa nyuma, R2-D2, ambaye ana mabamba ya buluu kila siku, kwenye picha za angani mabamba yake yanaonekana meusi kwa sababu hiyohiyo. Sasa wewe mpakaji uamue: unaiga filamu au unaiga hadithi? Mimi nimempaka buluu. Kichwa chake ni kidogo kuliko punje ya hindi, nilitumia ncha ya stiki ya meno, nikashusha pumzi nusu, nikagusa, nikaondoka. Mara tatu nilifuta nikaanza upya. Msogezee macho... kamera inakataa. Basi mtaniamini.

Uchafu wenyewe, mafundi wanaouita woshi, ni rangi nyembamba sana inayotiririshwa kwenye mistari halafu inafutwa juu. Na hapa ndipo nilipojichomea. Nilichukua rangi ya mafuta ya wachoraji, nikaizimua kwa tapentaini, nikaimwaga kwa furaha hadi kwenye maungio ya mbawa ambayo hayajapakwa kitu. Vipande vya kubana bila gundi vinakaa vikiwa vimekazana muda wote, na tapentaini ikiingia kwenye plastiki iliyokazana, inaipasua. Haikupasua hapohapo. Nililala. Asubuhi nakinyanyua chombo, mzinga mmoja umebaki mezani umesimama kama msumari. Shina lake limekatika safi, na nilipougusa ubawa nikasikia kitu kingine kinalia ndani. Kosa ni langu kabisa, kiwanda hakihusiki.

Kwa hiyo fanyeni hivi: vanishi kwanza, kila mahali, mpaka ndani ya maungio. Rangi ya mafuta iwe kidogo, brashi iwe karibu kavu, uiguse kwenye mstari tu iende yenyewe. Mkiogopa kabisa, rangi ya maji ya wanafunzi na tone la sabuni ya vyombo inafanya kazi nzuri na ukikosea unafuta kwa kitambaa chenye unyevu.

Mikwaruzo hii yote mnayoiona ni sponji ya kuoshea vyombo. Unachana kipande, unachovya kwenye kijivu kizito, unaipiga kwenye gazeti mpaka ikaribie kuisha, ndipo unagusa kingo. Masizi ya mdomoni mwa mizinga na nyuma ya injini ni mkaa wa jikoni, nimeusaga, nimeuchekecha kwa soksi ya nailoni, nimeupaka kwa brashi laini. Bure kabisa, na ni mweusi kuliko unga wowote wa dukani niliowahi kuutumia. Michirizi ya mafuta iende kutoka mbele kwenda nyuma. Kuna mdau aliniuliza: angani hakuna upepo, michirizi inatoka wapi? Swali zuri. Lakini kinapaa na kutua kwenye sayari zenye hewa, na kikiwa kimesimama mvua inakinyeshea, kwa hiyo mingine nimeishusha chini wima, hapa ubavuni. Muone ilivyo mifupi. Nilitaka kuongeza, nikajizuia. Sikujizuia sana upande huu wa kulia, ndiyo maana nimekigeuza.

Rubani: sitaki kuwachosha. Akiwa amekaa ni kama kucha ya kidole gumba. Boksi linakupa vifuniko viwili vya chumba chake, kimoja chenye kioo na kingine fremu tupu, na mimi nimeweka fremu tupu, kwa sababu kioo cha skeli hii kinakuwa kinene na kinamficha mtu niliyempaka kwa saa mbili. Kitako cha kusimamishia kimechongwa kama uso wa kituo cha adui, kimejaa mitambo midogo, na ni mahali pazuri pa kujifunzia woshi kabla hujagusa chombo. Laiti ningeanza nacho.

Je, ununue? Kama hujawahi kushika modeli na huna nia ya kupaka, hapana, chukua hela yako ununue kitu ambacho utafurahia kukiunga siku tatu. Usafiri peke yake unaweza kuikaribia bei ya bidhaa. Kama unataka kujifunza rangi, nunua hiki kabla ya kingine chochote, kwa sababu hakitakupotezea muda kwenye mishono na kujaza mapengo, kinakufikisha kwenye brashi siku ileile. Chombo ni kidogo, mabamba ni mengi, na ukiharibu bamba moja unalifanya doa la mafuta, maisha yanaendelea.

Na ule mzinga. Mnaosema juu kushoto, mmekosa. Ni wa chini kulia, huu. Shina ni kijiti cha plastiki cha pamba za masikio, kina tundu katikati, ndani nimepenyeza sindano ya kushonea ili isipinde. Zile pete tatu ni uzi wa kushonea uliozungushwa na kuloweshwa supagluu. Umezidi wenzake kwa milimita moja hivi, nimepima baada ya kupaka. Sitaukata.