Doina bila ngoma: Ban na Maneri katika Transylvanian Dance

Wengi wanaotaka kuipa doina, wimbo wa kienyeji wa simanzi wa Romania, sura ya kisasa huanza kwa kuiwekea ngoma, na hapo ndipo huiharibu. Doina haina mapigo ya kuhesabu. Mwimbaji hushika sauti moja ndefu, huipamba kwa madoido, kisha hushuka akitamka maneno ya simanzi kama anayezungumza. Urefu wa mstari huamuliwa na pumzi yake. Iwekee mdundo wa mashine, mapigo 90 kwa dakika, na ama mwimbaji atakimbizana nao, ama zile sauti ndefu zitakatwa. Unabaki na wimbo wa dansi wenye maneno ya kilio.

Lucian Ban (piano) na Mat Maneri (viola, fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito) hawakuingia mtego huo. Albamu yao hii, Transylvanian Dance, ilirekodiwa jukwaani Timișoara, Romania, mwaka 2022, ikatolewa na kampuni ya rekodi ya ECM mwaka 2024. Nyimbo zinatokana na zile alizonasa mtunzi wa Hungaria Béla Bartók vijijini Transilvania, eneo lililo leo Romania, mwanzoni mwa karne iliyopita, kwa mashine ya kurekodi kwenye silinda za nta.

Piano ina sauti 12 tu kwenye oktava (kutoka noti moja hadi ileile ya juu yake), na doina hupita katikati ya hizo. Kazi hiyo imeachiwa viola. Baba yake Maneri, marehemu Joe, alifundisha Boston muziki wa kuigawa oktava sehemu 72, na mwana anaonyesha alikokulia: kwenye “Poor Is My Heart” sauti inateleza kidogo kidogo, haikanyagi ngazi. Ban hajazi mapengo. Angepiga sauti tatu kwa pamoja kila mwisho wa mstari, sikio lingengoja tamati ambayo wimbo wenyewe hauitafuti. Aliyezoea fidla za taarabu hatapotea humu.

Kinachokosekana ni maneno, na hilo si dogo: doina bila mashairi ni nusu yake. Vipande vya dansi navyo vinazunguka kupita kiasi.

Spika ya simu haifai. Uzi mnene wa viola uko karibu hezi 131 (mitetemo kwa sekunde), mkono wa kushoto wa piano chini zaidi, na spika ndogo humeza vyote. Vaa hedifoni, zima kiongeza besi.

Anayeanza achukue kwanza Transylvanian Folk Songs ya 2020, wakiwa na mpulizaji Mwingereza John Surman. Saksofoni na klarineti besi zake hupulizwa, kwa hiyo ile pumzi ya mwimbaji inarudi kwa kiasi. Aanzie “Bitter Love Song”.