Misimu mitatu ya kuiuzia hifadhi ya uwindaji madume wa kulungu

Mfugaji wa kulungu wa mkia mweupe hapa Ohio, Marekani, huwategemea zaidi wanunuzi wa aina mbili: wafugaji wenzake wanaotafuta mbegu za kiume na majike, na hifadhi za uwindaji zilizozungushiwa uzio, ambazo huchukua madume waliokomaa ili wateja wao waje kuwawinda msimu wa vuli. (Kwa msomaji wa Biblia, mnyama huyu ni wa jamaa ya yule ayala wa Zaburi.) Wenzangu hununua mmoja mmoja; hifadhi ndiyo inayolipia malisho ya mwaka mzima. Hifadhi ninayoitathmini hapa sitaitaja jina, ila nimeiuzia kwa misimu mitatu na mkataba wake naujua hadi kifungu cha mwisho.

Bei hupangwa kwa inchi za pembe, zinazojumlishwa kwa kanuni ya Boone and Crockett, klabu ya wawindaji ya Marekani: urefu wa mashina mawili, urefu wa kila ncha, mizingo ya shina na upana wa ndani. Klabu hiyo yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1887, haimwandikishi kulungu aliyewindwa ndani ya uzio, lakini sokoni kipimo chake ndicho kinachotumika. Msimu wa kwanza hifadhi ilimkadiria dume wangu kwa picha, ikapata inchi chache kuliko nilizopima kwa utepe akiwa amelala kwa dawa, naye akashuka daraja zima la bei. Nililalamika, nikajibiwa kwa adabu, sikulipwa. Tangu msimu wa pili tunapima zizini kwangu, pande zote mbili zikiwepo, kwa utepe mmoja na karatasi moja yenye saini mbili. Hilo walilikubali bila ubishi.

Usafirishaji ndio udhaifu wao. Madume husafirishwa pembe zikishakauka na kuvua ngozi yake laini, na kila mmoja huwekwa katika chumba chake chenye giza ndani ya trela, maana pembe zilizokomaa humtoboa jirani. Kulungu aliyekamatwa kwa purukushani katika joto anaweza kuonekana mzima, akanywa maji, kisha misuli ikaharibika na akafa siku kadhaa baadaye. Tulikubaliana trela ifike alfajiri. Mwaka jana ilifika saa saba mchana. Dume wangu wa miaka minne alisimama baada ya kuchomwa dawa ya kumwamsha, ulimi nje, mbavu zikienda mbio, na dereva akasema hawezi kungoja jioni. Siku ya nne nilipigiwa simu kwamba amekufa. Mkataba unasema dume akifa ndani ya siku 14 mfugaji hurudisha fedha, bila kuuliza nani aliyechelewa. Nilirudisha.

Hata hivyo sijawaacha, kwa sababu ya jambo ambalo wauzaji wengi hawaliulizi kabisa. Ugonjwa sugu wa kukonda, uliotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 huko Colorado, huletwa na prioni (protini iliyokunjika vibaya), na kwa kawaida huthibitishwa mnyama akishakufa, kwa kupima shina la ubongo na tezi za nyuma ya koo. Mfugaji anayetaka kuuza nje ya jimbo huhitaji cheti cha mpango wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, kinachopatikana baada ya miaka 5 ya kufuatiliwa bila ugonjwa. Dume mmoja akikutwa na ugonjwa hifadhini, wakaguzi hufuata namba ya hereni ya sikioni hadi kwenye zizi alikotoka, na kundi zima linaweza kuwekwa karantini. Kwa hiyo mnunuzi mzembe ni hatari kwangu hata baada ya kunilipa. Hawa si wazembe: kila dume wangu akishawindwa, sampuli zake hupelekwa maabara, na jioni hiyohiyo meneja hunitumia picha ya hereni ikiwa kando ya kichupa cha sampuli, namba zote mbili zikisomeka.

Kwa malipo na kumbukumbu nawapa alama za juu. Kwa trela, za chini. Kwa msimu ujao nimeomba kifungu cha siku 14 kisitumike trela inapochelewa zaidi ya saa mbili. Rasimu iko kwa mwanasheria wao, na madume watatu bado wako zizini kwangu.